Farasi ni Sawa, Mbio si Sawa

Juma hili tumeona vema kuzungumza nanyi habari ya motokari. Ye yote akaaye Songo, au mtaa mwingine wo wote wa Uvira uliopakana na barabara kubwa, amekwisha kuliona jambo hili mara nyingi, hata kama hakulitia moyoni. Malori mawili yamesimama pamoja. Injini zao zasifiwa kwa hesabu ile ile ya nguvu. Yanaondoka kwa wakati mmoja, na kabla hujamaliza kuhesabu ishirini, moja limekwisha kuliacha jingine nyuma katika vumbi.

Hapo vijana walioketi kandoni mwa njia huanza kubishana. Wa kwanza husema kwamba shofa wa lile la nyuma ni mwoga. Wa pili husema kwamba injini yake imechoka. Wa tatu, aliyepata kusoma kidogo habari ya mashine, hutikisa kichwa na kusema: “Haiwezekani! Yote mawili yameandikiwa nguvu moja. Nguvu zikiwa sawa, lazima mbio nazo ziwe sawa.”

Huyo wa tatu ndiye tunayetaka kusema naye leo, maana kosa lake ni kosa la mtu mwenye akili. Tena si jambo la ubishi wa vijana tu. Shofa atakaye kulipita gari jingine huamua moyoni mwake kwamba gari lake litaongeza mwendo upesi kiasi fulani. Akikosea katika hesabu hiyo, mwenye hatari si yeye peke yake. Wako abiria waliopanda juu ya mizigo, yuko mwendesha baiskeli anayekuja mbele, yuko mama apitaye kandoni na beseni lake kichwani. Kwa hiyo tuitazame hesabu hiyo vizuri.

FARASI MMOJA NI NINI?

Nguvu ya injini hupimwa kwa farasi. Desturi hiyo ilienezwa na James Watt, fundi wa Scotland wa karne ya 18, aliyetaka kuwaonyesha wanunuzi wa mashine zake za mvuke kwamba kila mashine ingeweza kushika mahali pa farasi wangapi. Katika nchi zinazotumia kilo na mita, farasi mmoja ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwa kimo cha mita 1 katika sekunde 1. Mfuko wa simenti una kilo 50. Basi, farasi mmoja ni sawa na kuinua mfuko mmoja na nusu kwa kimo cha mita 1, kila sekunde, bila kupumzika.

Angalieni kwamba ndani ya maneno hayo mna kazi, tena mna muda. Mchukuzi mmoja wa bandari ya Kalundu aweza kuhamisha mifuko 100 kutoka chomboni mpaka ghalani. Wachukuzi wanne nao waweza. Kazi ni ile ile, lakini wanne wataimaliza mapema, kwa kuwa nguvu yao ni kubwa zaidi. Nguvu ni kazi iliyogawanywa kwa muda. Asiyeshika neno hili atapotea katika yote yanayofuata.

Tena, si farasi wote waliozaliwa ndani ya injini wanaofika barabarani. Katikati ya injini na magurudumu pana sanduku la gia, mihimili, na meno ya ekseli. Vyote husuguana, na sehemu ya nguvu hugeuka kuwa joto bure. Kwa hiyo mafundi wenye bidii hupima nguvu kwenye magurudumu yenyewe, kwa kuyazungusha juu ya mapipa ya chuma. Hesabu hiyo ni ya haki kuliko ile iliyoandikwa kitabuni.

Basi, tumpe kijana wetu haki yake yote. Tuseme malori yake mawili yamepimwa hivyo, magurudumuni, nayo yote mawili yameonekana yana farasi 150. Hata hivyo mbio zao zaweza kutofautiana sana. Tutazitaja sababu moja moja.

MZIGO

Sababu ya kwanza ni uzito, nayo yazipita nyingine zote. Wavuvi wetu waijua tangu utoto. Mitumbwi miwili ina wapiga kasia wenye mikono sawa. Mmoja ni mtupu, na wa pili umejaa ndagala. Wote wawili huanza kupiga kasia kwa pamoja, lakini ule mtupu huruka mara moja, na ule uliojaa huanza kama mtu aamkaye usingizini.

Tufanye hesabu. Lori la kwanza, pamoja na mzigo wake, lina tani 10. La pili lina tani 20. Yote yako penye njia tambarare, yakienda kwa kilometa 36 kwa saa, nayo yataka kufikia kilometa 72 kwa saa. Tusahau kwanza upepo na msuguano, tukadirie kwamba farasi 150 wanafanya kazi bila kukatika. Lori la tani 10 litahitaji sekunde 14 hivi, na katika sekunde hizo litakuwa limekula mita 210 za njia. Lori la tani 20 litahitaji sekunde 27, na njia ya mita 420 na zaidi. Nguvu ni moja; muda na njia vimekuwa mara mbili.

Sasa mfikirieni gari jingine linalokuja kutoka mbele kwa kilometa 72 kwa saa. Gari hilo hukata mita 20 kila sekunde. Katika sekunde 14 litakuwa limekaribia kwa mita 280. Katika sekunde 27, kwa mita 540. Shofa aliyelipita basi jana salama, lori lake likiwa na nusu ya mzigo, akijaribu leo mahali pale pale na mzigo mzima, hafanyi jambo lile lile alilofanya jana. Anafanya jambo jipya asilolijua.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio nyuma ya kiti cha shofa nao ni mzigo wa mwenziwe, kwa kuwa anayeubeba ni injini. Yeye huuona kama usufi. Injini haidanganyiki.

KILELE NA UWANDA

Kijana wetu atajibu: “Vema, lakini malori yangu yana uzito sawa.” Na yawe hivyo. Bado mbio zaweza kutofautiana, kwa sababu hesabu ya farasi 150 ni hesabu ya kilele tu.

Mtu asimamaye Songo akageuka magharibi huiona milima iliyousimamia mji. Akiuliza kimo cha mlima, ataambiwa mita kadha wa kadha. Lakini kimo hakimwambii kama huko juu pana nafasi ya kuchunga ng'ombe, au kama ni ncha tu isiyotosha mbuzi mmoja. Milima miwili yaweza kuwa na kimo kimoja. Mmoja una ncha kama mkuki, na mwingine una uwanda mpana kama zilivyo nyanda za juu za Itombwe.

Injini nazo ndivyo zilivyo. Injini moja hutoa farasi wake wote inapozunguka kwa kadiri moja tu. Mzunguko ukipungua au ukizidi kidogo, farasi hutawanyika. Injini ya pili hufika kilele kile kile, lakini hushikilia karibu nguvu yake yote kwa nafasi pana ya mizunguko. Katika nukta moja, pale ambapo malori yote mawili yana mwendo mmoja na kila moja latoa farasi 150, msukumo wao ni sawa kabisa. Lakini gari haliongezi mwendo katika nukta moja. Huongeza mwendo kwa sekunde nyingi, nayo hupita katika mizunguko mingi, ya chini na ya juu. Linaloamua mbio ni wastani wa nguvu katika muda wote huo.

Turudie hesabu yetu ya tani 10. Tuseme injini ya ncha, kwa wastani wa njia nzima, imetoa farasi 100, na injini ya uwanda imetoa 130. Ya kwanza itahitaji sekunde 20 kufikia kilometa 72 kwa saa, na ya pili sekunde 16. Kwenye karatasi ya fundi yote mawili yameandikwa 150, wala fundi hakusema uongo. Aliulizwa kimo cha kilele, akajibu kimo cha kilele.

Kuna jambo jingine lililo karibu na hili. Injini nyingi za siku hizi zina kipulizo kinachozungushwa na moshi wake wenyewe, nacho huitwa turbo. Kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya injini ili mafuta mengi zaidi yapate kuungua. Lakini shofa akikanyaga mafuta ghafula, kipulizo hicho hakipati mbio zake mara moja. Hungoja moshi uongezeke. Mashine ya kupimia haiulizi farasi wamekuja baada ya muda gani. Barabara huuliza.

GIA

Gia, ambazo mashofa wetu huziita vitesi, haziongezi nguvu hata kidogo. Wengi hukosea hapa. Gia ya chini huongeza msukumo wa gurudumu, ni kweli. Lakini hupunguza mwendo kwa kadiri ile ile. Nguvu ni msukumo ukizidishwa kwa mwendo, basi nguvu hubaki ile ile, au hupungua kidogo kwa msuguano.

Je, faida yake ni nini? Ni kuiweka injini karibu na kilele chake wakati gari linapobadili mwendo. Gari lenye gia nyingi zilizokaribiana ni kama ngazi yenye vidato vifupi: kila shofa abadilishapo gia, injini hushuka kidogo tu kutoka kilele chake. Gari lenye gia chache zilizoachana ni kama ngazi ya vidato virefu: kila badiliko huitupa injini chini kabisa, nayo huanza tena kupanda kwa kujikokota. Kwa hiyo injini ya ncha yahitaji gia nyingi kuliko injini ya uwanda. Ikizikosa, nguvu yake iliyosifiwa huonekana mara chache sana.

Tena, kila shofa akanyagapo klachi, ambayo wengi kwetu huiita ambreyaje, farasi wote wamefunguliwa kamba. Gari laendelea kwa mwendo lililokuwa nao, bila kusukumwa na cho chote. Tuseme badiliko moja lachukua sekunde moja na nusu, na shofa abadilisha mara 2. Hizo ni sekunde 3. Kwa mwendo wa kilometa 54 kwa saa, lori limekwenda mita 45 bila farasi hata mmoja. Mkono wa shofa mwepesi na mkono wa shofa mzito hauandikwi katika karatasi ya nguvu.

VITU VIZUNGUKAVYO

Sababu hii haionekani kwa macho, lakini kila mtoto mwenye baiskeli aweza kuipima. Pindua baiskeli, magurudumu yawe juu. Lizungushe gurudumu la mbele kwa mkono, kwa nguvu, mpaka likimbie. Baiskeli haikusafiri hata hatua moja. Hata hivyo mkono wako umefanya kazi, nawe wasikia uzito wake. Kisha funga kitambaa kizito kilicholowa maji kuzunguka ukingo wa gurudumu, ujaribu tena. Utaona kwamba gurudumu limekuwa gumu kuamka, na likiisha kuamka, ni gumu kusimama.

Magurudumu ya lori nayo hudai kazi mara mbili: kwanza yasukumwe mbele pamoja na gari, pili yazungushwe. Kilo 1 iliyo ukingoni mwa gurudumu, karibu na ardhi, huhesabiwa karibu kama kilo 2 wakati wa kuongeza mwendo. Kwa hiyo mwenye gari aliyetia magurudumu mazito kuliko yale ya kwanza amejiongezea mzigo asiouona katika mizani.

Ndani ya injini mna gurudumu zito la chuma, na vyuma vingine vingi vizungukavyo. Hivi huzidi kuwa wazito katika gia za chini. Injini ikizunguka mara 4 zaidi kwa mwendo ule ule wa gari, kazi ya kuitia mbio hiyo haiwi mara 4, bali mara 16. Mapipa ya fundi, yakipima kwa mzunguko usiobadilika, hayawezi kuona kodi hii, kwa maana hutozwa wakati wa kuongeza mwendo tu. Hivyo, magari mawili yaliyopimwa sawa yaweza kulipa kodi tofauti barabarani.

MSHIKO WA ARDHI

Nguvu iliyofika gurudumuni bado haijafika ardhini. Katikati pana mpira wa gurudumu, na mpira huo husukuma kwa kadiri ardhi inavyokubali kushikwa. Lami kavu hushika vizuri. Udongo ulionyeshewa hushika kidogo sana. Hapo gari lenye farasi wengi laweza kuzungusha magurudumu mahali pamoja, likirusha matope, na gari jingine la nguvu ile ile likapita polepole na kwenda zake. Watu waliopata kusafiri kwenda Baraka na Fizi wakati wa masika hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mshiko hutegemea hali ya mpira na hali ya ardhi, tena hutegemea uzito unaoyakalia magurudumu yale yanayosukuma. Hapa mzigo, uliokuwa adui, hugeuka kuwa rafiki kidogo: lori tupu huteleza mahali ambapo lori lenye mzigo kiasi hupita. Tena gari linapoongeza mwendo, uzito huegemea nyuma. Abiria hulijua hili, kwa kuwa migongo yao hubanwa kitini. Kwa hiyo gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hupata mshiko zaidi wakati wa kuondoka, na lile linalovutwa na ya mbele hupungukiwa. Lile linaloendeshwa na magurudumu yote hutumia uzito wake wote.

MLIMA NA HEWA

Mpaka hapa tulikaa bondeni. Sasa tupande. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi. Atokaye Uvira kwenda Bukavu lazima aupande mwinuko huo wa mita 690 kwa njia yo yote aishikayo, na wasafiri wanaokijua kipande cha Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi, wajua jinsi mlima ule unavyoyafanya malori yalie.

Tuyarudie malori yetu, la tani 10 na la tani 20, kila moja likiwa na farasi 150 magurudumuni. Yote yanapanda kwa kilometa 36 kwa saa, penye njia inayoinuka mita 5 kwa kila mita 100. Ili kudumisha mwendo huo tu, bila kuuongeza, lori la tani 10 linatumia farasi 67 kwa kuinua uzito wake. Linabaki na farasi 83 wa kuongeza mwendo. Lori la tani 20 linatumia farasi 133. Linabaki na farasi 17 tu, nao wanapaswa kusukuma uzito ulio mara mbili. Matokeo yake ni kwamba lori la pili litaongeza mwendo kwa uvivu mara 10 kuliko la kwanza. Hapo hatujahesabu upepo wala msuguano, ambao utakula sehemu kubwa ya wale 17 waliobaki.

Tafadhali lisomeni tena jambo hili. Penye tambarare, uzito mara mbili ulileta tofauti mara mbili. Penye mlima, uzito ule ule mara mbili umeleta tofauti mara 10. Sababu yake ni kwamba gari haliongezi mwendo kwa nguvu yake yote, bali kwa nguvu iliyobaki baada ya madeni kulipwa. Ni kama mishahara ya watu wawili. Yaweza kuwa sawa. Lakini mmoja analipa karo za watoto wawili, na mwingine karo za watoto wanane. Usitazame kilichoingia mkononi, tazama kilichobaki.

Upepo nao ni mdai. Mwendo ukiwa mara mbili, msukumo wa upepo huwa mara 4, na nguvu ya kuushinda huwa mara 8. Lori lililorundikiwa magodoro mpaka juu hulipa deni hili kuliko lori la kimo kifupi, hata kama uzito wao ni mmoja. Tena hewa yenyewe hupungua tupandapo. Kutoka ziwani kwetu mpaka Bukavu, hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu 7 katika 100. Injini isiyo na kipulizo huvuta hewa iliyopo, basi nguvu yake hupungua kwa kadiri iyo hiyo. Injini yenye kipulizo haidhuriki sana. Kwa hiyo magari mawili yaliyokuwa sawa Uvira yaweza kuacha kuwa sawa kabla ya kufika juu.

MAMBO HAYA YATUHUSU NINI?

Labda msomaji mmoja atasema kwamba mafundisho haya ni ya mafundi, wala si ya jamaa za nyumbani. Hatukubali. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara hii hii ya kwenda Bukavu, lori la kuchukua petroli lilipinduka. Habari za siku zile zilieleza kwamba lilikuwa likijaribu kulipita basi. Mafuta yalimwagika, watu wakaja na vyombo kuyateka. Kisha moto ukalipuka na kufika hata kwenye nyumba ambamo watu walikusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Watu zaidi ya 200 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Walizikwa katika makaburi ya pamoja. Jamaa za bonde lile hazihitaji kukumbushwa.

Hatusemi kwamba msiba ule ulitokana na hesabu tulizoandika hapa. Sababu za ajali ni nyingi, nasi hatukuketi mahali pa shofa yule. Twasema hili tu: kulipita gari jingine ni jambo la kuongeza mwendo, na kuongeza mwendo ni jambo ambalo hesabu ya farasi peke yake haiwezi kulijibu. Shofa asemaye, “Lori langu ni la farasi kadha wa kadha, litapita tu,” ametoa jibu la kilele kwa swali la njia nzima.

Basi, shofa ajiulize kwanza: leo nimebeba tani ngapi? Njia yainuka au yalala? Ardhi ni kavu au imelowa? Nitalazimika kubadilisha gia katikati ya kupita? Akikosa jibu la moja, abaki nyuma ya basi. Hasara yake ni dakika chache.

Mwenye gari naye ana fungu lake. Anayeagiza kwamba mifuko 50 izidishwe juu ya mzigo uliokwisha kutosha asimlaumu shofa baadaye kwa kuchelewa kufika. Na abiria wasimhimize shofa kwa kelele za “Pita! Pita!” kama tulivyowasikia wengi. Wao hawaujui mzigo, wala hawaoni mbele kuliko yeye.

Kwenu ninyi wanafunzi, tunawaachia jaribio la Jumamosi. Chukueni baiskeli moja na mwendeshaji mmoja, ili nguvu iwe ile ile. Pimeni umbali wa mita 50 penye njia tambarare isiyopitiwa na magari. Mmoja ahesabu sekunde tangu baiskeli kuondoka mpaka kufika. Kisha fungeni nyuma mfuko wa mchanga wa kilo 25, mhesabu tena. Halafu rudieni yote mawili penye mwinuko mdogo. Andikeni hesabu nne hizo katika daftari, mzilinganishe. Mtaona kwamba mfuko ule ule, uliopunguza mbio kidogo penye tambarare, umezipunguza sana penye mwinuko.

Mkiisha kuona, nendeni mkamwambie yule kijana wa tatu aliyeketi kandoni mwa barabara. Msimcheke, kwa maana alianza vizuri: aliuliza nguvu ni ngapi. Mwongezeeni tu maswali mawili yaliyobaki, yaani nguvu hiyo yadumu kwa muda gani, na inayobaki ni kiasi gani.